Mwalimu wa Foleni ya Kucha

Mwalimu aliyenifunza kushika penseli amefariki. Habari nilipewa siku ya kutembelewa, mama akiwa ndiyo kwanza anafungua kikapu. "Yule mwalimu wenu wa nasari ametuacha," akasema, "homa ya mapafu, siku nne tu," kisha akanipa ndizi, kwa sababu mama yangu anaamini habari mbaya haifai kupokelewa na mikono mitupu. Nyinyi mnaosoma kona hii ya gazeti letu la shule kila wiki mbili, hapa chini ya matokeo ya voliboli, mnajua mimi si mtu wa kusema. Kwenye mjadala wa Ijumaa mimi ni yule anayeshika saa. Lakini mazishi yaliangukia ile likizo fupi ya katikati ya muhula, nikaenda, na niliyoyaona huko yamenikaa kooni tangu nirudi. Sitataja jina la mtu. Wanaojijua watajijua, na wasiojijua hata ningewataja wangesema ni mtu mwingine.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba yake, mwendo mfupi kutoka soko la Kiirua, upande ule ambao asubuhi mlima uko wazi na ikifika saa nne umeshajifunika. Watu walikuwa wengi. Wageni waliwekewa viti vya plastiki chini ya hema, sisi wengine tukapewa mabenchi ya kanisa na jua. Landrova ya ofisi ilichelewa, na ilipofika pasta alikatiza maombi katikati, mstari mzima wa mbele ukainuliwa, hata dada wa marehemu aliyekuwa ameshikiliwa na watu wawili, ili wageni wapate kukaa. Mgeni mkuu alikuwa bwana mmoja mwenye suti ya rangi ya majivu na kalamu tatu mfukoni. Aliposimama alimwita marehemu "mlezi aliyebobea," akamwita "nguzo ya elimu ya awali katika eneo hili," halafu, akiwa ameweka mkono kifuani, "mwanafunzi wangu bora kabisa." Akafungua bahasha ya kaki, akatoa cheti ndani ya fremu ya kioo, chenye muhuri mwekundu, akamkabidhi mume wa marehemu. Watu walipiga makofi. Kaburini! Yule mzee, mtu mkimya wa ng'ombe wawili, alikigeuza upande wa nyuma kama anayetafuta kama kuna kitu kingine kimeandikwa huko, kisha akauliza, wala si kwa ubaya, "Sasa hiki tukiweke wapi?" Mwendesha ratiba akasema, "Amina."

Hapo ndipo nilipotamani ningekuwa mtu wa kusema. Maana cheti kile ndicho alichonyimwa akiwa hai, na kwa kukikosa akanyang'anywa darasa lake. Aliyemnyima alikuwa ni huyo huyo mwenye kalamu tatu. Na watu wote waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walilijua hilo, wakapiga makofi hivyo hivyo.

Nasari yetu ilikuwa chumba cha mbao nyuma ya kanisa, na siku ilianza kwa foleni ya kucha. Foleni ya kucha mnaijua. Kila shule ya nchi hii inayo: unanyoosha vidole, mkubwa anapita na rula, kucha ikiwa chafu unapigwa juu ya hiyo hiyo kucha, ndiyo uchafu utoke kwa machozi, nadhani. Mwalimu wetu hakuwa na rula. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akasema, "Leteni mikono," na kila mtoto akamwekea mikono yote miwili kwenye viganja vyake. Alikuwa akiishika kwa muda, akiongea mambo mengine kabisa, kuku wenu ametaga, nyanya yako amepona mguu, huku anatazama kucha kana kwamba anasoma barua. Kisha anasema, "Pita." Wengine walipita wakaenda moja kwa moja kukaa karibu na moto wa uji. Wengine alisema wambebee rejista, wakashinda wanamfuata nayo kutwa nzima kama makarani. Na wengine walilazwa juu ya magunia pale nyuma, wakalala usingizi hadi saa tano wakati sisi tunaimba herufi. Tuliona ni mapendeleo. Mimi mwenyewe niliwahi kujipaka tope kwenye kucha makusudi ili nipelekwe kwenye magunia. Alinishika mikono, akacheka, akaniita mwari kama alivyowaita wasichana wote: "Wewe umelala vizuri, mwari, na umekula viazi. Nenda kwenye herufi."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kucha zilikuwa kisingizio tu. Mkono ulio baridi na jua limeshachomoza ni wa mtoto ambaye hajala. Mkono mzito usiojishika ni wa mtoto ambaye kwao hawakulala. Na mkono unaojivuta ukiguswa, upo mtu aliyeuvuta kabla yako. Hayo yote mwalimu aliyapata bila kuuliza hata swali moja, na mtoto akabaki na habari zake.

Sasa niwaambie ya kwetu. Najua mtasoma hii mkisukumana viwiko kwenye foleni ya chakula, na ni sawa. Baba yangu siku hizi ameokoka na anaimba besi kwenye kwaya, lakini nilipokuwa darasa la saba alikuwa akinywa. Jumapili moja mchana alirudi, akauliza chakula kiko wapi, kikawa kiko motoni, na hilo lilikuwa kosa. Sufuria ya githeri ilipigwa teke, mama akaungua mkono hadi kwenye kiwiko. Mdogo wangu, wa miaka mitano, alikuwa amejificha chini ya meza. Baba alimvuta kutoka pale kwa mkono mmoja kama mtu anavyong'oa kiazi, akamweka kando, akalala kwenye kochi. Hakumpiga. Nasema hivyo kwa sababu baba husema hivyo pia. Lakini tangu siku hiyo mtoto yule hakutamka neno. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Nyanya alisema ni minyoo, akapewa dawa ya minyoo. Kanisa likamwombea, mzee mmoja akamwekea mkono kichwani na kumkemea pepo wa ububu kwa sauti kubwa hivi kwamba mtoto akajikojolea. Baba naye aliomba, macho amefumba, pamoja na wengine.

Jumatatu ile ya kwanza nilimpeleka nasari mwenyewe. Alipofika mlangoni, mwalimu akasema, "Leta mikono," na mikono ikaenda nyuma ya mgongo. Mwalimu hakuifuata. Alinyoosha yake, akaigeuza kucha zikatazama juu, akasema, "Basi leo wewe nikague mimi." Zilikuwa na udongo, alikuwa ametoka kupanda karoti. Mdogo wangu alizitazama kwa muda mrefu, kidole kwa kidole. Mwalimu akamuuliza, "Nipite?" Akatikisa kichwa kukataa. Mwalimu akainuka, akaenda kunawa, akarudi, akakaguliwa tena, akapita. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi tangu hapo: watoto wengine wote wanakaguliwa na mwalimu, na mwalimu anakaguliwa na mdogo wangu.

Ilikuwa katika muhula huo huo semina ikaja. Miaka hii kila kitu kina semina, kuku wana semina, vyoo vina semina, na zamu hii ilikuwa ya watoto. Iliitwa Kuelewa Mapito Magumu ya Utotoni, siku tatu katika ukumbi wa kanisa, kwa walimu wa nasari kutoka kwetu Buuri na kutoka Embu, na hata shangazi yangu anayefundisha Kiritiri alikuja na begi lake. Ilitangazwa kwamba kuanzia Januari, mwalimu asiye na cheti cha mafunzo hayo hataruhusiwa kushika darasa, na kamati itafute mwingine. Sitaki kuwadanganya: mambo yaliyofundishwa mle yalikuwa ya kweli. Kwamba mtoto aliyeona vita nyumbani hubeba vita hivyo hadi darasani, kwamba anayelala darasani si mvivu, kwamba njaa na kufiwa na kupigwa huingia mwilini vikakaa. Mwalimu wetu mwenyewe alirudi siku ya kwanza amefurahi, akamwambia mama, "Kumbe haya mambo yana watu wameyaandika! Mimi nilidhani ni mimi tu." Neno lilikuwa zuri. Ila lilikuwa limempitia mletaji wake kama maji kwenye kichungi.

Huyo mletaji, wa kalamu tatu, hakutaka kuitwa mwalimu. Alitaka aitwe mwezeshaji. Alikuwa na karatasi kubwa ukutani zenye visanduku, na fomu, moja kwa kila mtoto, ambapo mwalimu alitakiwa aandike mtoto wake amepitia nini, kwa mkono wa nani, tangu lini. Siku ya pili fomu zilikusanywa. Za mwalimu wetu zilikuwa na jina la mtoto, na pale kwenye nafasi kubwa ya maelezo ameandika neno moja: Namjua. Fomu ya pili: Namjua. Ya tatu: Namjua. Zote hadi ya mwisho. Zilirudishwa zikiwa na maandishi mekundu, haijakamilika.

Siku ya tatu ilikuwa ya somo kwa vitendo. Mwezeshaji alitaka mtoto halisi, aliye hai, ili washiriki waone. Alimwomba mwalimu wetu amlete mmoja wake, mwalimu akasema wake wako darasani wanasoma. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya nasari, mzee mpenda wageni, akasimama kwa furaha: "Mtoto yupo! Kale kasikoongea!" Akatuma watu. Mimi nilikuwa nimekuja kumchukua mdogo wangu tukale nyumbani, na kwa kuwa hakutaka kuachia sketi yangu, tulibebwa wote wawili, tukawekwa kwenye benchi mbele ya zile karatasi zenye visanduku. Walimu walikuwa wamejaa ukumbi, kila mmoja na soda yake na mrija. Wajumbe wa kamati walikuwa wamealikwa kwa chakula cha mchana na walikaa mstari wa nyuma. Baba yangu ni mjumbe. Alikuwa pale, na soda yake.

"Watoto wazuri, msiogope," mwezeshaji akasema. "Hawa wote ni walimu. Huyu ndiye asiyeongea?"

"Ndiye," mwenyekiti akajibu kutoka nyuma. "Tangu mwezi wa sita. Tumemwombea, tukampa na dawa ya minyoo."

"Vizuri sana." Akaandika kwenye karatasi kubwa, Mtoto A. Kisha akaniinamia mimi, kalamu tayari. "Wewe ni dada yake? Sawa. Hebu tuambie, huko nyumbani, baba anakunywa?"

Yeye hakujua. Watu wa kwetu wote walijua. Mnapaswa kuona jinsi ukumbi mzima wa watu wazima unavyoweza kuanza kusoma maandishi kwenye chupa za soda. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilisikia kochi letu likilia ndani ya kichwa changu, vile hulia baba akijigeuza. Mdogo wangu alikuwa ameshika sketi yangu kwa ngumi zote mbili.

"Usiogope. Anakunywa? Akinywa anafanya nini?"

"Samahani, mwalimu," sauti ikasema. Ni mwalimu wetu, alikuwa amesimama. "Naomba jambo kabla hujaendelea."

"Niite mwezeshaji. Uliza."

Alikuja hadi mbele, polepole, leso yake kiunoni. "Leta mikono."

"Mikono gani?"

"Yako. Sisi hapa huwa tunaanza na foleni ya kucha. Si ulisema tukuonyeshe tunavyofanya kazi?"

Watu wakacheka, na mwezeshaji, mtu anayependa ushiriki, akacheka pia akanyoosha mikono. Mwalimu aliipokea kwenye viganja vyake, akaishika. Akakaa nayo. Kicheko kikaisha na yeye bado ameishika.

"Ni baridi," akauambia ukumbi, sauti ile ile ya kuku wenu ametaga. "Na huu wa kushoto unajivuta. Ni nani alikuwa akikuvuta mkono huu, baba? Ni mzee nyumbani, au ni mama? Tuambie tu, usiogope. Hawa wote ni walimu."

Mtu mmoja alimalizia soda, mrija ukafanya ile sauti ya kukwaruza chini ya chupa. Mwezeshaji alivuta mkono wake kama aliyeungua. "Hilo," akasema, "halimo kwenye programu."

"Ndiyo," mwalimu akamjibu. "Hata huyu hamo." Akanigeukia. "Mwari, chukua mtoto mwende. Uji wangu utapoa."

Tulitoka. Nikiwa mlangoni nilimwona baba. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Ningependa kuwaambia kwamba ukumbi ulisimama ukampigia makofi, lakini makofi sisi tunayaweka kwa ajili ya mazishi. Jioni yake orodha ilibandikwa mlangoni. Wote walifuzu, hata yule aliyelala siku mbili akiegemea ukuta. Mbele ya jina la mwalimu wetu iliandikwa: hajafuzu, hana ushirikiano.

Shangazi yangu wa Kiritiri alifuzu vizuri. Alirudi kwao na cheti na ari, akatenga pembe moja ya darasa lake, akaweka mkeka mpya, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, KONA YA WALIOUMIA. Sasa, Kiritiri ni joto, na pembe ile ndiyo pekee yenye kivuli baada ya saa nne. Kufikia Jumatano darasa zima lilikuwa limeumia. "Mwalimu, mimi nimeumia kuliko huyu!" "Muongo, yeye kwao wana mbuzi kumi!" Kuna mtoto mmoja alidai babu yake aliliwa na simba, na babu mwenyewe ndiye aliyekuwa akimleta shule kila asubuhi. Na yule mmoja aliyekuwa na sababu ya kweli, shangazi alinisimulia mwenyewe akijicheka, hakuwahi kuikaribia ile kona hata siku moja. Alikaa juani. Angekaaje chini ya maandishi yale? Shangazi aliliondoa bango mwezi wa pili, akabakisha mkeka. Ni mtu mzuri, alikosea tu na akaona.

Kwetu hakuna aliyeona. Kamati ilikutana darasani mwa nasari, wazee wamekalia vibenchi vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Najua yaliyosemwa kwa sababu baba alikuwa karani wa kamati na mwandiko wake ni mbaya, kwa hivyo kumbukumbu za mkutano nilizinakili mimi, kwa kalamu ya bluu, na nikapiga mstari chini ya vichwa kwa rula. Makosa ya mwalimu yalikuwa matatu. Kwanza, hana cheti. Pili, watoto hulala darasani. Tatu, kwa muda wa wiki mbili zilizopita amekuwa akiunguza uji, na wazazi wamelalamika watoto wanarudi nyumbani na midomo myeusi. Aliulizwa kama ana la kujitetea. Nilinakili jibu lake lilivyo: "Sina, isipokuwa atakayekuja msimwambie apike kwa moto mkali." Mwenyekiti akauliza wanaokubali aondolewe wainue mikono. Wote waliinua. Nimeandika neno "wote" kwa mkono wangu, na ndani ya neno hilo yumo baba yangu.

Kufikia wakati huo mdogo wangu alikuwa ameanza kuongea. Ilitokea siku chache kabla ya mkutano, na nyumbani tulidhani dawa ya minyoo hatimaye imefanya kazi. Ukweli niliujua mwaka mmoja na zaidi baadaye, nilipokuwa kidato cha kwanza nikatumwa soko la Gakoromone kununua viazi, nikamkuta mwalimu amekaa nyuma ya rundo la karoti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sasa. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa "Leta mikono," nami, msichana mzima wa sekondari, na sweta yangu mpya yenye nembo, nikaleta. Akauliza yule mdogo anaendeleaje. Nikasema anaongea hadi tunamwomba anyamaze. Akacheka. Nikamuuliza, kwa sababu lilikuwa limenisumbua tangu nilipolinakili, kwa nini ule uji ulikuwa ukiungua.

"Sasa wewe," akasema, "unafikiri mimi sijui kupika uji? Nimepika uji tangu nilipokuwa mrefu kama debe hili."

Akanieleza huku anafunga karoti mafungu. Kila asubuhi alimkalisha mdogo wangu karibu na sufuria, mwiko mkononi, bila kumwambia lolote. Kisha anaenda upande wa pili wa darasa, anawapa mgongo, na anaacha moto uwake. "Mtoto ukimuuliza ya kwao anafunga mlango," akasema. "Lakini uji unaoungua si ya kwao. Huo mtu anaweza kuusema na hakuna atakayeumia. Tulikunywa uji mweusi siku kumi na moja, mwari. Kuna katoto kamoja kaliuliza kama tumehamia kwa chokoleti. Siku ya kumi na mbili nikasikia nyuma yangu: Mwalimu, uji unaungua."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, basi koroga. Ningesema nini? Ningepiga vigelegele angerudi ndani. Nilienda nyuma ya choo nikalia kidogo, nikajifuta, nikarudi, nikamkuta anakoroga na anawagombeza wenzake wasogee."

Nikamuuliza kwa nini hakuiambia kamati. Alinitazama vile wanavyotazama mtu aliyepelekwa shule ya bweni akarudi hajui kitu. "Ningewaambia uji niliuunguza ili mtoto aongee, wangeuliza kwa nini alikuwa haongei. Na baba yako alikuwa amekaa mbele yangu pale, kwenye kabenchi, na daftari lake." Akaniongezea karoti mbili. "Alikuwa akijaribu kuacha, wakati huo. Ulijua?" Sikujua. Baba mwenyewe hajawahi kusema. Mtu aliyeinua mkono ili aondolewe, mwalimu alimfichia jina lake, na pengine ndiyo sababu kuna besi kwenye kwaya yetu leo. Au pengine hapana. Mimi sijawahi kumuuliza baba, hiyo si familia yetu.

Kwa hivyo mnaelewa nilikuwa katika hali gani siku ya mazishi, cheti kikizungushwa kutoka mkono hadi mkono ili watu waone muhuri. Baba alibeba jeneza, mbele, upande wa kulia. Alibeba vizuri. Baada ya kutia mchanga, mgeni mkuu alipita kuwasalimia watoto waliosomea nasari ile, mpigapicha akimfuata. Tulipangwa mstari, wadogo mbele. Alikuwa akitoa mkono wa salamu kwa kila mmoja, hujambo, hujambo, hadi alipofika kwa mdogo wangu, ambaye sasa ana miaka tisa. Hakumkumbuka. Aliandika Mtoto A kwenye karatasi kubwa kiasi kile, na hakumkumbuka. Mdogo wangu hakumpa mkono wa salamu. Alimnyooshea yote miwili, kucha juu, kama tulivyofundishwa.

Bwana yule alisita. Kisha akatabasamu, akaishika kwa ncha za vidole, akainama, akaikagua. "Safi kabisa," akasema, kwa sauti ya mpigapicha kusikia. "Huyu msichana ni msafi sana." Akairudisha, akaendelea na mstari.

Nilimshika mdogo wangu. Ilikuwa saa nane, jua la kupasua mawe, na mikono yake ilikuwa baridi kama kikombe cha bati asubuhi.

"Ameangalia kucha," akaniambia. Si kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa matokeo.

Nilichojifunza ni kidogo, na siwezi kukitengenezea karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Nchi hii itafundisha watu wengi majina ya maumivu ya watoto, na hiyo ni kazi nzuri, ifundishwe. Lakini mtoto hakuletwa shuleni ajaze fomu yetu. Ukishajua kwamba ameumia, kazi yako ni kumpa kitu cha kushika, mwiko, rejista, au gunia la kulalia, na habari zake umwachie mwenyewe. Atakayetaka cheti cha hilo asubiri mazishi yake.

Mnajua pia kwamba muhula huu nimefanywa kiranja wa usafi wa kidato cha kwanza, sijui nani alipendekeza, na Jumatatu ndiyo zamu yangu ya kwanza ya kukagua kucha. Nimepewa rula. Nimeirudisha stoo. Kuna mmoja wenu huko, simtaji, ambaye tangu tufungue shule anajificha nyuma ya foleni. Usijali. Ukiona vigumu, tutaanza na zangu.